Kulipa ili Kuangalia Maji

"Mlilipa hela kwenda kuangalia maji?"

Mama aliniuliza swali hilo likizo iliyopita, nyumbani Nyarugusu, akiwa ameshika simu yangu kwa mikono miwili kama anavyoshika kitabu cha nyimbo. Nilikuwa namwonyesha picha za Ziwa Ngosi. Picha ya kwanza aliitazama, ya pili akaitazama, ya tatu akanirudishia simu na kuuliza swali hilo. Hakuwa ananidhihaki. Alitaka kujua kweli.

Nyarugusu yetu ni ya Geita. Nalisema mapema kwa sababu kila ninapojitambulisha seminarini hakosekani mwenzangu wa kuniuliza habari za wakimbizi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko Kasulu, mkoani Kigoma. Sisi ni wa Nyarugusu ya dhahabu: makarasha yanayoanza kunguruma kabla ya kengele ya misa ya asubuhi, bodaboda zilizobeba viroba vya mawe, vumbi jeupe linalokaa juu ya majani ya migomba mpaka mvua ije kuliosha.

Mama amenisomesha kwa marudio. Kwa msomaji asiyejua, marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja na kutolewa dhahabu inayotoka kirahisi. Unaobaki hurundikwa pembeni ya mwalo, na watu wasio na duara wala hisa, wengi wao wanawake, huuosha tena kutafuta kilichosahaulika. Wanaosha kwa maji ya bwawa dogo la udongo, maji yaleyale wiki nzima, rangi ya chai ya maziwa. Kinachopatikana hukusanywa kwa zebaki, na donge lake huchomwa juu ya mkaa. Nimemwona mama akilifinyanga donge hilo kwa vidole vitupu kabla sijajua kwamba nchi zimekaa na kuandika mkataba juu ya jambo hilo. Mkataba huo unaitwa Minamata, jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliingia kwenye ghuba, ikaingia kwenye samaki, ikaingia kwa watu. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mama hajausikia.

Kwa hiyo mtu wa kwetu akisikia neno "maji", haoni kitu cha kukaa karibu nacho ukapumzika. Maji ya kunywa ni ya ndoo, yana bei yake. Maji yaliyotuama ni ya aina mbili: ya kuoshea mchanga, na yale ya kwenye mashimo.

Nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa, mvua zimejaza maduara yaliyoachwa. Tulikuwa watoto watano. Shimo tulilokwenda kuogelea halikuwa na mwenyewe tuliyemjua. Aliyelichimba alikuwa amepata alichopata au amekosa alichokosa, akahama, na shimo likabaki. Maji yake yalikuwa masafi kuliko ya mwalo, ndiyo maana tuliyapenda. Masanja (jina si lake) aliruka wa mwisho. Sisi tulikuwa tumeshatoka, tunavaa, tunagombania kaptura ya mmoja wetu. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Tulipogeuka maji yalikuwa yametulia, na kwa muda tulidhani ametutangulia nyumbani. Mmoja wetu alisema hivyo kabisa, "Ameshaenda huyo," nasi tukaondoka.

Alikuwa mtoto wa jirani yetu. Jioni mama yake alikuja kuuliza nyumbani kwetu. Mengine sitayaandika. Nitasema tu kwamba tangu siku hiyo sikuwahi kuingia kwa hiari yangu katika maji yaliyotuama. Baba gombera mmoja alipotupeleka ufukweni Mwanza, miaka ya seminari ndogo, nilisema naumwa tumbo.

Basi Julai mwenzetu mmoja alipewa daraja la upadre Mbeya, na misa yake ya shukrani ikawa kijijini kwao upande wa Rungwe. Tulikwenda mafrateri saba. Mimi nilitokea Geita kwa basi, nikapitia Tabora na Sikonge hadi Chunya, na hapo Chunya nilicheka peke yangu dirishani: nimesafiri usiku na mchana kutoka kwenye dhahabu, naamka niko kwenye dhahabu tena, makarasha yaleyale, viroba vilevile. Nauli yangu ilitoka kwenye jumuiya yetu. Walikuwa wamechanga, wakanipa bahasha mbele ya mlango wa kanisa, na ndani yake mlikuwa na noti zilizokunjwa ndogo sana, kama zinavyokunjwa na watu wanaoficha hela kwenye pindo la kitenge.

Siku ya pili baada ya misa, baba mzazi wa padre mpya alisema hatuwezi kuondoka Rungwe bila kupanda Ngosi. Wenzangu walishangilia. Mimi nilipinga, na nilipinga kwa hoja za kiroho, ambazo ndizo hoja rahisi kuzipata kwa mtu anayesoma teolojia. Nikasema hela tuliyopewa ni ya waamini. Nikasema watu wanaponda mawe ili sisi tusome, nasi tunataka kwenda kutalii. Mwenzangu mmoja, Mnyakyusa mwenye maneno machache, aliniangalia akasema, "Frateri, wewe unaogopa kitu kingine." Sikumjibu. Asubuhi nilikuwa ndani ya gari pamoja nao.

Tuliteremka kwenye barabara kuu ya Mbeya kwenda Tukuyu, mahali pa viazi na kabichi. Palikuwa na baridi ya kukata masikio. Kabla ya kuacha lami tulinunua ndizi kwa mama mmoja aliyejifunika shuka, na mwenzetu mmoja akamwuliza kama ni mbali mpaka ziwani. Akaelekeza vizuri, kona kwa kona. Tukamwuliza kukoje huko juu. "Sijawahi kufika," akasema. Amezaliwa hapo. Watoto wake wamewahi kwenda na shule. "Mimi nikafanye nini?" Alisema bila huzuni, huku akihesabu chenji.

Msitu ule uko katika safu ya milima ya Poroto, na msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Unalipa kiingilio, Mtanzania kidogo na mgeni wa nje zaidi, kisha unapewa mtu wa kuwaongoza. Wetu alikuwa kijana wa umri wangu, mwenye buti za mpira na fimbo. Kabla ya hatua ya kwanza alitupanga mstari, akatuhesabu kwa kutugusa bega mmoja mmoja. "Saba. Na mimi wa nane." Nilidhani ni mzaha wa kuanzia safari.

Njia inapanda ndani ya msitu kama saa moja, au zaidi ukiwa umekula makande ya sherehe siku mbili mfululizo. Kuna migomba ya mwituni isiyozaa ndizi za kuliwa, mianzi, mikangaga mikubwa inayofunika njia, na mizizi iliyolala kama ngazi zilizojengwa na mtu asiyejua kupima. Kiongozi alituonyesha kinyonga wa pembe tatu, mwenyeji wa milima hiyo, aliyekuwa ameng'ang'ania kijiti kama mtu aliyesahau alichokuwa anakitafuta. Tulimtazama muda mrefu. Naye jicho moja alitutazama sisi, la pili alilielekeza mahali pengine.

Kisha msitu ukakatika ghafla, na chini yetu palikuwa na ziwa.

Nimejaribu kumweleza mama na nimeshindwa, kwa hiyo nitaeleza kwa vipimo. Lina urefu wa kilometa mbili na nusu hivi, upana kama kilometa moja na nusu, na kina kinachofika mita 74 hivi. Uso wake uko karibu mita 2,060 kutoka usawa wa bahari, yaani juu kuliko mahali popote nilipopata kulala kabla ya safari hiyo. Ni bakuli la volkano: mlima ulilipuka, sehemu yake ya juu ikaporomoka ndani, na bakuli likajaa maji ambayo hayana mto wa kutokea. Mlipuko wa mwisho unakadiriwa kuwa wa karibu mwaka 1450, na chini bado kuna moto. Serikali, kupitia kampuni yake ya jotoardhi, inalitafiti eneo hilo kwa ajili ya umeme. Wenyeji husema ziwa lina umbo la ramani ya Afrika. Ukisimama sehemu moja unaiona kabisa, ukisogea hatua kumi Afrika inapotea. Kingo zake ni kuta za msitu zilizosimama wima pande zote. Hapana nyumba, hapana ngalawa, hapana moshi. Maji yalikuwa ya kijani upande mmoja na bluu upande mwingine, kwa sababu ya mawingu yaliyokuwa yanapita. Hakuna aliyesema kitu kwa dakika kadhaa, na mafrateri saba kunyamaza pamoja bila kengele ni jambo la nadra.

Kiongozi aliposikia natoka Geita alicheka. "Nyie watu wa dhahabu mngekwenda Masoko." Masoko, au Kisiba, ni ziwa lingine la kreta, dogo, kusini mwa Tukuyu. Wajerumani walikuwa na ngome yao hapo, na inasimuliwa kwamba waliposhindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia walitupa mali zao ziwani ili Waingereza wasizipate. Sarafu za kale za Kijerumani zimewahi kuuzwa kwa wageni hapo, wakiambiwa zimetoka majini. "Huku Ngosi je?" nikamwuliza. "Huku hakuna kitu," akasema. "Huku watu wanakuja kuangalia tu."

Nilikaa kwenye jiwe na neno hilo, "kuangalia tu". Kwetu kila mahali pana swali moja: panatoa? Shimo linatoa au halitoi. Mwamba unatoa. Hata mtu, wakimsifu, watasema mkono wake unatoa. Nilikuwa sijawahi kukaa mahali ambapo watu wamekubaliana, na serikali ikaweka mtu pale njiani, kwamba hapa hapatoi kitu na ndiyo sababu pasiguswe. Nilifikiri habari za yule mama wa ndizi. Nikafikiri jinsi mimi na yeye tulivyokuwa tumefanana asubuhi ile. Mimi nilisema kwa lugha ya teolojia kile alichosema yeye kwa maneno matatu: mimi nikafanye nini.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, ameligusa jambo hili mahali ambapo mimi nilipasoma haraka nikitafuta habari za tabianchi kwa ajili ya mtihani. Ni namba 44 na 45. Anasema kuna sehemu nzuri, zenye majani na hewa safi, zinazotunzwa kwa ajili ya utulivu wa wachache, wakati kule wanakoishi watu wasiohesabiwa na jamii hakuna kitu kama hicho. Niliposoma mara ya kwanza niliona majumba ya kitajiri ya Ulaya. Sasa niliona mwalo.

Tena kuna Marko, sura ya sita. Tunaitumia kila mwaka kwenye mafungo: mitume wamerudi wamechoka, hawana nafasi hata ya kula, Bwana anawaita waende faraghani wakapumzike kidogo. Mahubiri yote niliyosikia juu ya mstari huo yaliishia hapo, au yakaruka hadi kwenye mikate mitano. Lakini katikati kuna jambo. Wanavuka kwa mashua, na wakifika, watu wamekwisha kufika. Wamekimbia kwa miguu kutoka mijini, wakazunguka ziwa, wakatangulia. Mahali pa mapumziko pa mitume palikuwa pamejaa watu wa kawaida kabla mitume hawajashuka, na Bwana hakuwaambia warudi. Nilipokuwa nimekaa pale juu, niliangalia njia tuliyotokea, nikajaribu kuwawaza wanawake wa jumuiya yetu wakitokeza kati ya mianzi, na ndala zao, na vitenge vyao vyenye matope ya mwalo, wametutangulia. Nilicheka, kisha sikucheka.

Mwenzangu Mnyakyusa alitaka kushuka mpaka majini. Kiongozi akasema inawezekana kwa sababu siku mbili mvua haijanyesha, lakini washuke wachache na wamfuate yeye, wakanyage anapokanyaga. Wanne wakasimama. Mimi nikabaki nimekaa. Kisha nikasimama. Sitasema Roho Mtakatifu alinisukuma. Nilisimama kwa sababu niliona nikibaki, yule mwenzangu atajua.

Ile si njia, ni ukuta wenye mizizi. Unashuka umeutazama mlima, umeshika mwanzi kwa mkono mmoja na mzizi kwa mwingine, na udongo mweusi unaingia kwenye kucha. Mara mbili niliteleza. Mara ya tatu aliteleza mwenzangu aliyekuwa chini yangu, hatua moja tu, akajishika. Nami nilipiga kelele kubwa kiasi kwamba kiongozi alisimama akatupanda macho wote na kuhesabu tena kwa sauti: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Akanitazama mimi. "Wote wapo," akasema. Nadhani nilijibu "asante".

Chini kuna mahali padogo pa kusimama. Maji yanaanza hapo hapo, bila ufukwe, na ukitazama hatua mbili mbele huoni chini. Wenzangu walinawa nyuso. Mimi nilichuchumaa, nikakaa hivyo kwa muda nikiwa nimeshika gogo. Kisha nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Najua msomaji wa gazeti hili anatarajia niseme ilikuwa kama ubatizo. Yalikuwa maji, na yalikuwa baridi. Niliuacha mkono humo mpaka ukaanza kuuma, na wakati huo nilikuwa natazama maji yale yaliyotulia. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi niliyatazama bila kutafuta kitu ndani yake.

Tulipofika tena kwenye gari, kiongozi alitupanga mstari, akatugusa bega mmoja mmoja. Saba, na yeye wa nane. Ndipo akaagana nasi.

Hayo ndiyo niliyokuwa najaribu kumjibu mama. Nilimwambia kiingilio chenyewe hakikuwa kikubwa, gharama ilikuwa nauli. Akatikisa kichwa, hakuwa anauliza kiasi. Nikamwambia kuhusu msitu, kinyonga, baridi. Nikamwambia nilishuka mpaka majini nikatia mkono.

Akaacha alichokuwa anafanya. "Wewe?"

"Mimi, mama."

"Mlikuwa na nani?"

Nikamwambia kuna kijana wa pale, anawaongoza watu. Anawahesabu mkianza, anawahesabu njiani, na hamwondoki mpaka awahesabu tena. Ndiyo kazi yake, analipwa kwa hiyo.

"Anawahesabu," mama akasema.

"Ndiyo."

"Mwanawane." Akakaa kimya. Nje karasha la jirani lilikuwa linasaga. Nilijua anafikiri jioni ile, maana siku ile yeye alikuwa mwaloni, na kabla ya yote mama yake Masanja alikuwa amemfuata yeye kumwuliza watoto walitoka wangapi. Hakuweza kumjibu. Hakuna aliyekuwa na hesabu yetu. Baada ya muda akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Basi mlilipia hiyo." Akaomba tena simu, akaziangalia picha upya kutoka mwanzo, polepole, akivuta kila moja ili aone kingo.

Kwetu watu huhesabiwa baadaye. Januari 2017, wachimbaji 15 walipofukiwa chini ya ardhi Mawemeru, katika kata yetu hii, nchi nzima ilijua hesabu yao kwa siku kadhaa, mpaka walipotolewa wote wakiwa hai, na Nyarugusu watu walicheza barabarani. Nakumbuka rozari za usiku ule na sauti za watu wakiitaja kumi na tano kama jina la mtakatifu. Nilifurahi kama wengine wote. Lakini shimo la Masanja halikuwahi kuwa na hesabu, na mashimo kama lile, hata wakati huu ninaoandika, yapo ya kutosha kati ya nyumba yetu na kanisa. Sheria inamtaka anayechimba afukie au azungushie uzio. Aliyehama haulizwi.

Wiki iliyofuata nilikwenda na vijana wa VIWAWA tukazungushia uzio shimo moja, lile lililo karibu na njia ya watoto wa shule. Tulitumia mabanzi tuliyopewa na fundi seremala na miiba tuliyokata wenyewe. Kazi ilikuwa nzuri, tukaimba. Siku kumi baadaye mabanzi yote yalikuwa yamekwenda kuwa kuni, miiba imebaki. Sikumlaumu mtu, kuni ni ghali. Vijana wakaongeza miiba. Mmoja wao amejitolea kupita hapo kila jioni saa ambayo watoto wanatoka shule, akasema yeye anapita tu hata hivyo, akienda kuchota maji. Nilimwambia awe anawahesabu. Akaniona wa ajabu kidogo, lakini anahesabu.

Mama naye alichukua picha zangu, akanitaka nimtumie kwenye simu ya dada yangu yenye kioo kikubwa. Jumapili baada ya misa niliwakuta wanawake sita wa jumuiya wamemzunguka chini ya mwembe wa kanisani. Mmoja alikuwa anauliza hilo ziwa ni la nani. Mwingine akauliza panatoa nini. "Hapatoi," mama akasema. "Wanaangalia tu. Kuna mtu anawahesabu." Mmoja akataka kujua kama mtu mwenye miguu inayovimba anaweza kupanda. Nikasema polepole anaweza, wa kushuka mpaka majini hapana. "Sisi tutakaa juu," mama akajibu kwa niaba ya wote, kana kwamba safari ilikwisha kupangwa.

Kumbe ilikwisha. Wana kibubu, kopo la maziwa ya unga lililotobolewa mfuniko, linakaa kwa katibu wa jumuiya. Kila Jumamosi baada ya marudio anayeweza anatia, asiyeweza anaacha. Mwenyekiti amewashauri waanze na Ziwa Viktoria, ni karibu, wanaweza kwenda na kurudi siku moja. Wamemwambia ziwa hilo wanalijua, wanataka lile la juu mlimani. Juzi nimepiga simu nyumbani kumsalimia, naye bila kuulizwa akanipa hesabu: wako tisa, na kopo lina nauli ya watu wawili, ya kwenda tu.